Mwanangu anaficha maumivu kwa sababu "wanaume wanakaza". Je, nimzuie kwenda kibanda umiza?

SWALI: Mtaalamu, shikamoo. Nina mtoto wa kiume wa miaka 11, yuko darasa la tano. Tangu mwaka jana baba yake anaenda naye kibanda umiza kila wikiendi kuangalia Ligi Kuu ya England, na Simba au Yanga ikicheza ndiyo kabisa hawakamatiki. Wiki iliyopita aliteguka kifundo cha mguu akicheza shuleni, akaficha siku mbili. Nilishtuka nilipomwona amevaa soksi jioni, joto lote hili. Nilipomuuliza akanijibu, "Mama, wanaume wanakaza." Mdogo wake wa miaka sita akilia anamwambia aache kulia kama demu. Dada yake, ambaye ndiye aliyemfundisha kupiga danadana, siku hizi hamtaki kwenye mpira wao. Baba yake anasema nisimdekeze, mtoto anakua. Je, ni mpira unaomharibu? Nimzuie asiende? — Mama wa watoto watatu, Mbagala.

JIBU: Marahaba, dada. Kabla ya mpira, mguu. Kama bado umevimba, au hawezi kutembea hatua nne bila kuchechemea, au anaruka ukimbonyeza kwenye mfupa wa kifundo, mpeleke kituo cha afya apigwe picha, na asichuliwe na mtu yeyote kabla ya hapo. Mifupa ya mtoto wa umri huo ina sehemu laini inakorefukia, na hiyo inaweza kuumia kabla ya kano. Tunachokiita kuteguka kinaweza kuwa ni ufa.

Sasa tuje kwenye soksi, maana nimeifikiria sana. Mtoto aliyeficha mguu siku mbili amefanya kazi kubwa. Amepanga, amevumilia, amejifunza kutembea vizuri mbele ya mama yake huku moyoni analia. Hakuna aliyemkalisha chini akamfundisha hayo. Wewe unadhani kayatoa kwenye televisheni. Mimi nadhani unaangalia mbele, na mwalimu wake amekaa nyuma.

Miezi michache iliyopita nilikwenda kibanda umiza kimoja huko Temeke, Jumamosi, mechi ya jioni. Nilitoa shilingi 500 mlangoni nikachagua benchi la pembeni, mahali ambapo skrini huioni vizuri ila nyuso za watu unaziona zote. Watoto hukaa mbele, chini kabisa, shingo wameziinua. Nyuma yao ndiyo mabenchi, na kwenye mabenchi ni wanaume tu. Winga mmoja akakanyagwa, akaanguka, akashika ugoko anagaragara. Sauti ikatoka nyuma: "Inuka bwana, au tukuletee kanga?" Benchi zima likaangua kicheko. Mimi nilikuwa nawatazama wale watoto. Hawakucheka papo hapo. Waligeuka kwanza, wakaona nani anacheka, ndipo nao wakacheka. Baada ya hapo sikuiangalia tena mechi. Goli likiingia, wanageuka. Refa akitoa kadi, wanageuka. Marudio yalipoonyesha kwamba yule winga kweli kaumia, soksi imechanika na damu inatoka, mzee mmoja akasema taratibu, "Aisee, huyo kaumia." Wakageuka tena, na safari hii wakanyamaza kimya.

Sekunde kama arobaini hivi, na masomo mawili tofauti kuhusu mwanaume aliyeumia. Picha ni ileile, mchezaji ni yuleyule. Kilichobadilika ni sauti ya nyuma.

Kuna jaribio la zamani ambalo sisi tuliosomea malezi tumelishiba tangu chuoni. Mwaka 1961, Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, Albert Bandura na wenzake waliwaonyesha watoto mtu mzima akimpiga mwanasesere mkubwa. Watoto wakaachiwa mwanasesere wao, nao wakampiga, na wavulana walizidi hasa pale aliyewaonyesha alipokuwa mwanamume. Hilo watu wengi wanalikumbuka. Linalosahaulika ni la mwaka 1965. Safari hiyo baadhi ya watoto walionyeshwa mpigaji akisifiwa, wengine wakaonyeshwa akikaripiwa. Waliomwona akikaripiwa waliiga kidogo. Lakini watoto wote walipoahidiwa zawadi wakionyesha alichofanya yule mtu, hata wale wa kundi la makaripio waliweza. Kumbe somo lilikuwa limeingia kwa wote, walichokuwa wanasubiri ni ruhusa.

Kwa hiyo ukinizuilia mtoto asiende kibandani, hujamwondolea somo. Mpira ataukuta redioni, kwenye simu ya jirani, kwenye bodaboda, shuleni Jumatatu asubuhi. Utakuwa umemwondolea baba yake tu, na baba yake ndiye mtu pekee kwenye lile benchi ambaye unaweza kuongea naye.

Ila sitaki nimsingizie baba peke yake, maana lugha yenyewe inamsaidia. Chukua gazeti la michezo siku yoyote. Timu imefungwa ugenini bao la dakika za majeruhi: "imekufa kiume". Mechi ngumu ni ya wanaume. Shuti ni kombora, bao la pili "limeua mechi". Timu ikipendelewa na refa imebebwa, tena kwa mbeleko, kitambaa ambacho mimi na wewe tulibebwa nacho mgongoni mwa mama zetu. Sisemi tuchome kamusi, mimi mwenyewe natamka hayo yote na mengine siwezi kuyaandika hapa. Nasema mtoto wa miaka 11 bado anaipokea lugha kama ilivyo. Anasikia kwamba kuna kufa, na kuna kufa kiume, na kwamba hicho cha pili kina heshima hata ukifungwa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa Marekani walikaa wakachambua matangazo ya michezo yaliyopendwa na wavulana wa kwao, wakakuta karibu hayohayo: maneno ya vita, sifa kwa anayecheza huku ameumia, na wanawake wakionekana zaidi kama mapambo. Bahari ni kubwa, lakini kelele za watangazaji zinafanana.

Na usiniambie ni mpira ulioleta "mwanaume halii". Jandoni palikuwa na kukaza pia, tena mbele ya kisu. Tofauti ni kwamba jandoni palikuwa na mtu mzima aliyekabidhiwa wale watoto, akawa anajibu kwa wazazi wao. Kibandani mwenye banda anajibu kuhusu umeme na king'amuzi, basi.

Twende kwenye maumivu, maana ndiyo yaliyokuleta kwangu. Januari 2022, Kombe la Mataifa ya Afrika huko Cameroon, Senegal dhidi ya Cape Verde. Sadio Mané wa Senegal aligongana vichwa na kipa wa Cape Verde, Vozinha, akalala chini. Kipa akapewa kadi nyekundu. Mané akainuka akaendelea, dakika chache baadaye akafunga bao, kisha akaketi tena chini na akatolewa. Nilikuwa naangalia na vijana. "Huyo ndiye mwanaume!" alisema mmoja, na sina shaka maneno hayohayo yalisemwa kwenye vibanda vingi usiku ule. Daktari yeyote wa michezo angekwambia alitakiwa kutoka mara tu kichwa kilipogongwa, kwa sababu ubongo uliotikisika ukitikiswa tena kabla haujapona unaweza kumuua mtu. Wenye mpira wenyewe wameliona: tangu 2024 sheria za soka zinaruhusu mashindano kuweka badiliko la ziada kwa mchezaji aliyeumia kichwa, ili timu isiwe na kisingizio cha kumwacha uwanjani.

Lakini mwanao asipewe nusu ya Mané. Ampate mzima. Siku kumi na mbili baada ya mechi ile, kwenye fainali na Misri, Mané alikosa penalti mapema kabisa, mbele ya Afrika nzima. Mechi ilipofika kwenye matuta, penalti ya mwisho alikwenda kupiga yeye yuleyule, akafunga, Senegal ikabeba kombe. Na ni yeye aliyejenga hospitali Bambali, kijijini kwao, ikafunguliwa mwaka 2021. Mwambie mwanao kwamba yule anayesifiwa kwa kukaza aliona watu wa kwao wanahitaji mahali pa kwenda wakiumia. Halafu muulize anadhani kwa nini. Usimjibie.

Machozi je? Hapa ndipo ninapopata shida kidogo na wanaume wenzangu, kwa sababu mashujaa wetu wanalia kila msimu na sisi tunajifanya hatuoni. Cristiano Ronaldo alilia fainali ya Kombe la Mataifa ya Ulaya 2016 alipoumia goti mapema. Akalia tena Julai 2024 dhidi ya Slovenia, kipa wao Oblak alipodaka penalti yake katika muda wa nyongeza. Mechi ilikuwa haijaisha! Wenzake wakamzunguka, wakamshika kichwa, na zilipofika penalti za mwisho akapiga ya kwanza akafunga, Ureno ikapita. Messi alilia hadi akashindwa kuanza kuongea siku anaiaga Barcelona, Agosti 2021. Mtu akiniambia mwanaume halii, namuuliza anamzungumzia mwanaume gani, maana hao wawili jezi zao ndizo zimejaa Kariakoo.

Na kuna Copenhagen, 12 Juni 2021. Christian Eriksen wa Denmark alianguka akicheza dhidi ya Finland, moyo umesimama. Nahodha wake, Simon Kjær, alikuwa miongoni mwa waliomfikia kwanza. Wachezaji wa Denmark wakatengeneza duara, migongo kwa Eriksen, nyuso kwa watu, kumsitiri mwenzao wakati madaktari wanamshughulikia. Wengi wao walikuwa wanalia waziwazi, na hakuna aliyeondoka kwenye duara. Hiyo video ipo. Kama ningekuwa na dakika tano tu na mwanao, ningemwonyesha hiyo na nisingesema kitu.

Kuna jambo lingine hukuniuliza, nami nalileta kwa hiari yangu. Nyumbani kunakuwaje timu ya baba ikifungwa? Simtuhumu shemeji, simjui. Nauliza kwa sababu watafiti waliopitia taarifa za polisi wa Lancashire, Uingereza, kwa Kombe la Dunia la 2002, 2006 na 2010, walikuta taarifa za ukatili wa majumbani zinapanda kwa asilimia 26 England ikishinda au ikitoka sare, na asilimia 38 ikifungwa. Mpira haumpi mtu mkono wa kupiga, aliyenao anao tangu zamani. Ila siku ya mechi inakusanya pombe, hasira, na siku hizi mkeka wa kubeti uliochanika kwa timu moja. Mtoto anayerudi na baba njiani anajifunza pia kutoka kibandani hadi mlangoni: kama baba kanyamaza, kama kapiga teke ndoo, kama kamwambia mama "usiniongeleshe". Hilo la kubeti nitaliandika siku nyingine, linahitaji nafasi yake. Leo itoshe kusema umri halali ni miaka 18, na mtoto wa miaka 11 hatakiwi hata kutumwa kupeleka hiyo hela.

Sasa nikutoe hofu, kwa sababu kwenye mpira wetu kuna kitu kizuri ambacho sikioni mahali pengine kirahisi, nacho ni utani. Simba na Yanga tunawaita watani wa jadi, na hilo neno halikuokotwa. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani. Mtani anakutukana mbele ya watu, anachukua kuku wako, anakuja kwenye msiba wako kufanya vituko mpaka mfiwa anacheka, na ni huyohuyo anayebeba kazi za msiba. Sharti lake ni moja: hukasiriki. Tarehe 5 Novemba 2023 Yanga ilipoifunga Simba 5-1, mtu wa Simba akikutana na mtu wa Yanga alikuwa anapewa salamu ya vidole vitano, vimenyooshwa vizuri, bila neno. Nawajua watu wazima, wenye vyeo vyao, waliokwepa kwenda kazini Jumatatu. Nami nilikuwa mmojawapo wa waliotamani kuugua. Jumanne tulikwenda, tukanyooshewa vidole, tukacheka kwa shida, maisha yakaendelea. Mvulana anayeona baba yake ananyooshewa vidole vitano na fundi baiskeli, anacheka, analipa soda, amepata elimu ya kushindwa ambayo mimi ofisini kwangu siwezi kuitoa. Na kibandani ndiko atakakowaona wanaume wanakumbatiana, wengine hata hawajuani majina, goli likiingia.

Kwa hiyo utani mwachie. Kinachotakiwa kukatwa ni ile sehemu inayotoka nje ya utani. Nikikuita kolo au chura, nimeitania klabu yako, kesho utanirudishia. Nikimwita mtu demu kwa sababu analia, simtanii yeye. Nimemchukua dada yake na mama yake nikawafanya kipimo cha udhaifu, nao hawamo hata kwenye mchezo. Mweleze mwanao hivyohivyo, kwa lugha ya utani. Watoto wa Kitanzania wanaijua mipaka ya utani mapema sana, na atakuelewa haraka kuliko ukimpa hotuba ya haki za wanawake.

Tena kuhusu dada yake nina la kusema, na hili limeniuma. Yeye ndiye aliyemfundisha danadana! Mwaka 2022 Serengeti Girls walikwenda India, Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17, wakafika robo fainali. Taifa Stars ya wanaume haijawahi kucheza Kombe la Dunia hata mechi moja. Mwaka huohuo Simba Queens walimaliza nafasi ya nne Ligi ya Mabingwa Afrika huko Morocco. Mtanzania mwenzetu Aisha Masaka alisajiliwa na Brighton ya England mwaka 2024, kwenye nchi ileile ambayo mwanao anaiangalia kila Jumamosi. Hayo yote yametokea na kibanda cha mtaani kwako hakijaonyesha hata moja, sababu hakuna wa kutoa 500. Mtoto hajaambiwa na mtu kwamba mpira ni wa wanaume. Amekaa tu wikiendi baada ya wikiendi mahali ambapo mwanamke pekee anayeingia ni muuza karanga, akajumlisha mwenyewe. Basi baba aende nao wote wawili kuangalia mechi moja ya ligi ya wanawake, uwanjani. Mwache yule binti ndiye awe anaeleza ameotea au hajaotea.

Limebaki la shemeji. Usimwambie nimesema anamharibu mtoto, maana sijasema, na ukianza hivyo mazungumzo yameisha. Neno lake la kudekeza usibishane nalo pia. Mwulize swali moja mkiwa wawili, ametulia, siku ambayo hakuna mechi: "Wewe ulipoumia ukiwa mdogo, ulimwambia nani?" Wanaume wengi ninaokaa nao wana jibu la swali hilo, na wengi hawajawahi kulitoa. Mmoja alinionyesha kidole cha mkono kilichopinda tangu darasa la sita, alivunjika akidaka penalti, akakificha mfukoni wiki nzima kwa kumwogopa baba yake. Sasa ana miaka arobaini na kitu na kalamu anaishika kwa taabu. Mtoto wake wa kiume alikuwa hajawahi kuuliza kwa nini.

Kama shemeji naye ana kidole chake, amwonyeshe mtoto. Njiani, wakitoka kibandani, wakati wanaongelea mechi. Na siku mchezaji akianguka kwenye skrini, ikitokea wale wa nyuma wakaanza habari za kanga, yeye aseme tu, kwa sauti ya kawaida, "Huyo kaumia." Asimhubirie mtu. Mtoto wake atakuwa amegeuka, anamwangalia.

Mguu ukipona asirudi uwanjani kwa sababu uvimbe umeisha. Asubiri mpaka aweze kuruka kwa huo mguu mmoja mara kumi bila maumivu, baba yake akihesabu, na akisema unauma ya saba, wanarudi ndani wanajaribu tena wiki ijayo.